Nilipoomba gari langu liharibike zaidi

Mjomba alisema "Subhanallah." Mimi nilisema neno jingine, ambalo mwalimu hafai kulitamka mbele ya mjomba wake, na kwa dakika kama mbili hivi neno lile liliniuma kuliko lile shimo la barabarani tuliloingia. Kisha usukani ukaanza kuvuta upande wa kulia, nikajua neno ndilo dogo.

Tulikuwa tunatoka arusini, saa nne usiku na ushei, mwezi wa Mei. Wenyeji wa Malindi hawahitaji kuelezwa Mei ni nini: masika yamekaa, mvua inapiga usiku kucha, asubuhi jua linatoka kana kwamba halina habari. Barabara yenyewe sitaitaja. Shimo lilikuwa limejaa maji pomoni, na shimo lililojaa maji usiku hung'aa sawasawa na lami iliyolowa, huwezi kulijua. Nilikuwa na mwendo wa hamsini hivi. Nilipoliona nilikuwa nimeshafika, mguu ukafanya kile ambacho mguu wa kila mtu hufanya. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaingia nayo.

"Ungeiachia breki kabla hujaingia," mjomba akasema.

Mjomba wangu aliendesha malori ya chumvi miaka mingi, kutoka Gongoni hadi Mombasa, na ana maneno kuhusu barabara kama wavuvi walivyo na maneno kuhusu upepo. Alinieleza pale pale, mvua ikitunyeshea, na nilipokuja kuuliza kwa mafundi wote walimuunga mkono. Ukishika breki gari huinamisha pua, springi na shokomzoba za mbele zinabanwa hadi karibu mwisho, na tairi likifika ukingo wa pili wa shimo halina tena kitu cha kulipokea pigo. Pigo lote linakwenda kwenye tairi, rimu na vyuma vilivyo nyuma yake. Punguza mwendo mapema, kisha iachie breki kabla tu ya kuingia. Ni rahisi kuandika. Usiku ule mguu wangu haukuwa na habari hizo.

Kubadilisha gurudumu kulituchukua karibu saa nzima kwa sababu jeki ilikuwa ikizama kwenye mchanga. Mwisho tukaikalisha juu ya sinia la biriani tulilofungiwa na wenye arusi. Biriani likahamia kwenye mfuko wa plastiki, mjomba akapandisha kanzu hadi magotini, simu mdomoni kwa ajili ya tochi, akawa anaongea hivyo hivyo na mimi sisikii hata neno moja. Sinia lilikuwa la watu. Halijarudia kuwa duara mpaka leo, na halimo kwenye hesabu nitakazozitaja mbele.

Nyumbani nililiangalia tairi chini ya taa ya barazani. Halikuwa na pancha ya kuonekana. Ubavuni lilikuwa limetoa nundu ya ukubwa wa kaimati, laini, ukiibonyeza inarudi. Mdomo wa rimu ulikuwa umekunjwa kwa ndani, upana wa vidole vitatu. Ile nundu maana yake ni kwamba nyuzi za ndani ya tairi zimekatika na mpira wa nje peke yake ndio unaozuia upepo. Hakuna fundi wa kuziba hiyo. Tairi la namna hiyo likipasuka uko kasi themanini daraja la Sabaki, hutaandika makala.

Sikulala na wasiwasi sana, lakini. Nilijiambia: nina bima kubwa.

Sheria ya Kenya, ile ya Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya thadpati tu, yaani ya kuwalipa wengine utakaowaumiza. Ukimaliza hapo, gari lako ni shida yako. Mimi nilikwenda mbele, nikachukua ile kubwa inayolipa na gari langu mwenyewe. Gari langu, Fielder ya mkono wa pili, lilikuwa limethaminiwa shilingi 900,000, na kampuni ikanitoza asilimia 4.5, yaani 40,500. Juu yake kuna vidonge vidogo vya serikali ambavyo kila mtu huvilipa bila kuvisoma: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika, na shilingi 40 za stempu. Jumla 40,722 na senti. Kwa mshahara wa mwalimu hizo ni pesa za kuzitolea jasho, na nilizilipa nikijisikia mtu mzima.

Asubuhi nikampigia wakala wangu. Ni kijana mpole, huniita madam. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Madam, ni tairi peke yake?"

Nikamwambia tairi na rimu imekunjika kidogo.

"Hapo kuna kazi. Soma kurasa za nyuma, pale pameandikwa mambo ambayo bima hailipi. Tairi likipasuka au kukatwa na barabara peke yake, hatulipi. Labda gari lenyewe liwe limeumia kwenye tukio hilo hilo."

Kile kijitabu cha bima kilikuwa kwenye droo, bado kiko ndani ya bahasha yake, chini ya kadi za arusi za miaka mitatu. Nikakisoma nikiwa nimesimama. Kweli, sentensi hiyo imo, katikati ya aya inayotaja kuchakaa, kutu na injini kufa yenyewe. Hakuna aliyenidanganya. Ninafundisha ufahamu Gredi ya Saba, nawachapa watoto maneno kila siku, "soma kifungu chote kabla hujajibu," na mwenyewe nilikuwa nimesoma jalada.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu nisiyemfahamu. Nikaingia garini kwenda kwa fundi huku naomba, kwa moyo mkunjufu kabisa, nikute kimevunjika kitu kingine.

Fundi wangu anafanyia kazi chini ya mti wa mkungu, hana bango wala ofisi. Akalipandisha gari, akalishika gurudumu la mbele kulia kwa mikono miwili, juu na chini, akalitikisa. Ko-ko-ko. Akanitazama. Akaingia chini na tochi, akakaa huko kitambo, akatoka na uso wa mtu anayekwenda kutoa habari za msiba.

"Pole, mwalimu. Na amu nayo imepinda."

Amu kwa lugha ya gereji ni ule mkono wa chuma ulioshika gurudumu kutoka chini, si ile Amu ya ndugu zetu wa Lamu. Na shokomzoba nayo ilikuwa inavuja.

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Fundi hakujibu. Akafuta mikono taratibu, kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono.

Nilikwenda polisi kuripoti, nikaandikiwa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na kupata abstrakti, yaani taarifa fupi ya polisi, kwa sababu bila karatasi hiyo fomu ya madai haisogei. Fomu yenyewe ina sehemu ya kuchora tukio. Nikachora barabara, gari kwa mstatili, na shimo kwa duara. Mchoro wa darasa la kwanza. Wakala akasema picha za shimo zingesaidia, na hapo nikakumbuka kwamba katika saa nzima ya jeki na sinia sikupiga hata moja. Basi alasiri nikarudi kulipiga picha.

Shimo halikuwapo. Vijana watatu walikuwa na beleshi na toroli, wamelijaza vipande vya matumbawe na mchanga mwekundu, wamesimamisha tawi la mwarobaini pembeni na kamba imevutwa katikati ya barabara. Ukifika wanaishusha kamba na kunyoosha mkono. Mmoja akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tumewatengenezea. Kuna gari jana liliumia hapa."

Nikawapa hamsini. Ushahidi wangu umefukiwa, na gharama za kuufukia nimechangia.

Kuna watu waliniuliza kwa nini sikumdai mwenye barabara. Nililifikiria, na si jambo la kuchekesha kama watu wanavyodhani. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iligawa kazi: barabara kuu ziko chini ya mamlaka ya KeNHA, za mijini KURA, za mashambani KeRRA, na tangu Katiba ya 2010 kaunti nazo zina barabara zao. Kwa hiyo kabla ya kumdai mtu inabidi ujue kwanza umeangukia shimo la nani. Ukishajua, sheria inataka umpe mamlaka husika notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kabla ya kufungua kesi, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai hadi shilingi milioni moja na huna haja ya kwenda na wakili. Njia ipo. Kilichonikosesha ni picha: ningesimama mbele ya hakimu na mchoro wa mstatili na duara. Anayesoma hapa na gari lake liko shimoni hivi sasa, apige picha akiwa ameweka kitu ndani cha kuonyesha kina, hata kiatu, na nyingine inayoonyesha nguzo au duka la karibu. Kisha atoe kiatu.

Kampuni ikaniambia nipeleke gari kwenye gereji iliyo kwenye orodha yao, asesa wao, yaani mkaguzi wa hasara, atalikagua huko. Gereji hiyo ina sakafu ya saruji, kiyoyozi na bilauri za maji. Kijana wa mapokezi akalizunguka gari akiandika. Akafika fenda ya kushoto ya mbele, ambako kuna mkwaruzo mrefu. Mkwaruzo huo niliupata Ramadhani, nikikimbilia futari, geti la nyumbani likanikatalia kona. Akaugusa.

"Hii nayo ni ya juzi?"

Nikanyamaza.

"Manake, mwalimu, tukiongeza fenda, rangi na taa, kazi inapanda mpaka themanini hivi. Bila hivyo eksesi, zile pesa za mwanzo zinazotoka kwako, itaimeza yote, hutapata kitu."

Angeniambia ni wizi ningekataa mara moja. Aliniambia kama mtu anayekukumbusha umeacha chenji. Na mimi, sitadanganya, sikusema ndiyo na sikusema hapana. Nilisema, "Haya, tutaona," nikaondoka na bodaboda. Usiku kucha nilikuwa na hoja tamu: nimelipa bima miaka minne sijawahi kudai hata shilingi, si haki yangu? Kampuni itafilisika kwa fenda moja? Mjomba akaja, akanywa chai, nikamweleza. Akasema tu, "Na gereji ile wewe una nini nao?" Sikumwelewa mpaka nilipokuwa nimelala. Hizo elfu themanini hakuna hata moja ambayo ingeingia mfukoni mwangu.

Asesa alikuja siku ya nne tangu shimo. Nilitegemea mtu wa tai na mkoba. Akaja bwana mmoja mwenye ndara na kamera ndogo, akalala chini ya gari dakika kumi bila kuongea. Alipotoka akaenda moja kwa moja kwenye fenda ya kushoto, ijapokuwa kwenye fomu yangu haikuwemo. Labda alikuwa ameshaonyeshwa makadirio ya gereji. Akapitisha ukucha ndani ya mkwaruzo, akanionyesha ukucha. Unga wa kahawia.

"Kutu hii, mama, si ya siku nne. Hata hapa kwetu na hewa ya bahari."

"Hiyo ni ya geti," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Najua." Akaandika kitu, akaendelea. Hakunitazama tena na nilimshukuru kwa hilo.

Aliyakubali yote ya upande wa kulia. Na ndipo hesabu ilipofika, jioni ile, kwenye daftari la maandalizi ya somo. Tairi 9,500. Rimu iliyotumika kutoka Japani 4,500. Amu 5,500. Shokomzoba 6,500. Kupima na kunyoosha magurudumu 1,500. Mikono ya fundi 3,000. Jumla 30,500.

Eksesi, kwa asiyejua, ni zile pesa za mwanzo za kila hasara ambazo ni zako, bima inaanzia pale zinapoishia. Yangu ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Si ya hasara. Ya gari. Hilo ndilo neno ambalo ningependa wakala alipaze sauti siku ya kuuza. Asilimia 2.5 ya 900,000 ni 22,500. Zikabaki 8,000. Halafu tairi langu lilikuwa limelika nusu, na bima haikununulii jipya badala ya kuukuu bure. Nusu ya bei yake, 4,750, ikakatwa. Zikabaki 3,250.

Nikampigia wakala kuhakikisha, na yeye, Mungu amlipe, akanikumbusha jambo ambalo hakulazimika. Kwa kutodai mwaka huo nilikuwa nipate punguzo la asilimia 10 nikihuisha bima. Nikidai, punguzo linapotea. Asilimia 10 ya 40,500 ni 4,050.

Nikaitoa mara mbili nikidhani nimekosea. Ningelipwa 3,250 ili nipoteze 4,050. Kwa kulipwa na bima yangu ningedaiwa shilingi 800.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Siku nne za kumshukuru Mungu kwa chuma kilichopinda, usiku mzima wa kubishana na nafsi juu ya fenda, aibu ya ule ukucha, na chini ya yote hayo ilikuwa ni 800 za kutoa. Kesho yake nikaandika barua ya kuondoa madai, mistari mitatu, nikalirudisha gari chini ya mkungu.

Wakala alinieleza baadaye kwamba kuna nyongeza unayoweza kuilipia ili eksesi isikuguse. Nimeinunua? Bado napiga hesabu. Ninavyoiona sasa, bima kubwa niliinunua kwa ajili ya siku gari litakapoibwa, au kuungua, au kubingirika kule Tsavo kwa sababu ya nyati. Kwa siku hiyo 40,722 ni rahisi na nitaendelea kuilipa. Ya mashimo nimeitengea bahasha nyumbani, elfu mbili kila mwisho wa mwezi.

Ingawa, ukitazama vizuri, hata ya mashimo nailipa tayari. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli Kenya ina shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara ndani yake. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Nafundisha nje ya mji, natumia lita 30 kwa wiki. Hiyo ni 750 kila wiki ya masomo, na wiki hizo nikizihesabu 36 kwa mwaka, ni 27,000. Rafiki yangu wa Lamu nilipomtumia hesabu hizi alinijibu kwa sauti ya simu, na nyuma yake nikisikia punda analia. Mjini kwao gari halipiti. Akasema punda wake ameteleza mara moja tu maishani, na hakuuliza eksesi.

Fundi alinipeleka mwenyewe kununua tairi, na somo lake la pale dukani lilikuwa na thamani kuliko kijitabu cha bima. Muuzaji alileta tairi linang'aa, jeusi tii. Fundi akalizungusha, akatafuta ubavuni kijisanduku chenye tarakimu nne, akanisomesha: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ilikuwa 2317. Wiki ya 23, mwaka 2017. Limekaa stoo miaka yote hiyo kwenye joto la Malindi, likapakwa dawa ya kung'arisha. "Hili ni babu," akamwambia muuzaji, "limepakwa wanja." Wakacheka wote wawili, likaletwa jingine.

Gari sasa linakwenda sawa, usukani hauvuti. Mkwaruzo wa geti upo.

Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo. Niliipita ile barabara Jumatatu alfajiri nikienda kazini, taratibu, breki nimeiachia mapema kama mjomba alivyoagiza. Mchanga mwekundu ulikuwa umesombwa wote hadi mtaroni, matumbawe yametawanyika, na shimo limerudi, nadhani kubwa kidogo zaidi. Tawi jipya la mwarobaini lilikuwa limeshasimamishwa. Kamba ikavutwa. Kijana yule yule akanitambua, akatabasamu.

"Mwalimu. Hamsini kama siku ile?"

Nikazima gari, nikachukua simu, nikavua kiatu.

"Subirini kidogo," nikawaambia. "Msilijaze kwanza."